Rekodi za Turkana Hupimwa kwa Ulimi

Ukitaka kuyajua maji ya Lodwar, usianze mtoni. Anza na birika. Nyanyua kifuniko cha birika la mama muuza chai, lile lililokaa motoni miaka miwili mitatu, utaona ukoko mweupe umeganda ndani, mgumu kama chokaa ya ukutani. Ukiukwaruza kwa ncha ya kisu unabanduka vipande vipande kama maganda ya yai. Kila chai iliyopikwa humo imeacha sehemu yake kidogo. Maji yamegeuka mvuke yakaenda zake, madini yamebaki.

Turkana nzima ni birika la namna hiyo. Mito inaingia, jua linachemsha, njia ya kutokea hakuna, na kilichoyeyuka majini kinabaki hapo hapo. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na joto la mchana linafika nyuzi 35 kama kawaida yake, si kama habari ya gazetini. Serikali ya kikoloni iliujua vizuri ukali huo: ilipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu baada ya kifungo cha Lokitaung, mwaka 1959, ilimpeleka Lodwar.

Wapenda rekodi wanaipenda sana kaunti hii. Ina ziwa kubwa la aina yake, mto wenye bwawa refu, hazina ya maji iliyotangazwa kwa kishindo, zana za mawe za kale kupita zote. Nimezikusanya hapa zile zinazohusu maji, na kila moja nimeipitisha kwenye swali ambalo mnunuzi yeyote wa Lodwar humuuliza mwenye mkokoteni kabla ya kulipia mtungi: haya ni ya wapi, na yananyweka?

ZIWA KUBWA KULIKO YOTE JANGWANI

Hii inajulikana shuleni. Kati ya maziwa yaliyo jangwani na yasiyokauka, Ziwa Turkana ndilo kubwa kuliko yote duniani. Kutoka delta ya mto Omo hadi majabali meusi ya volkano kule kusini ni kilomita 250 au zaidi. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 6,400, na hupanuka na kusinyaa kufuata mvua ya nchi nyingine. Ukiyapanga maziwa ya chumvi ya dunia kwa wingi wa maji, Turkana ni la nne, nyuma ya Bahari ya Kaspi, Issyk-Kul la Kirgizia na Van la Uturuki. Maziwa ya magadi yakipangwa kwa eneo, ndilo linaloongoza. Van lina maji mengi zaidi kwa sababu ya kina chake, lakini Turkana limetanda zaidi ya mara moja na nusu yake.

Nimesema magadi, na tofauti yake na chumvi ya bahari msomaji anaijua jikoni. Maji ya bahari pale Mombasa yanakata ulimi. Ya Ziwa Turkana yanateleza. Ukitia kidogo kinywani unapata ladha ile ya magadi tunayotupia kwenye maharage au kunde zilainike upesi, na ukinawa mikono unahisi kama sabuni imekataa kutoka. Lita moja ya maji hayo ina gramu kama 2.5 za madini yaliyoyeyuka. Lita ya maji ya bahari ina 35. Hiyo ni sehemu moja ya kumi na nne ya uchumvi wa bahari, na kwa kipimo cha pH maji hayo yako kwenye 9.2 hivi, mbali na 7 ambayo ni ya maji yasiyoegemea upande wowote.

Kwa hiyo ziwa hili haliko mbali sana na kunyweka, na hapo ndipo penye uchungu wake. Lingekuwa chungu kama Assal la Djibouti, asingejaribu mtu. Lakini ngamia anayanywa, mbuzi anayanywa, samaki wanazaana humo, na binadamu aliye ufuoni asiye na kisima naye huinama akayanywa.

Kati ya wasemaji wa Kiswahili, walioyaonja mapema ni wapagazi. Machi 1888 msafara wa Samuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel ulifika ufuo wa kusini, mwaka mzima na zaidi tangu kutoka Pangani, mizigo ikiwa kichwani mwa watu wa Zanzibar na mrima. Msafara huo ulimtegemea pia Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za bara kwa miguu yake mwenyewe. Watu walikuwa wamekaukiwa makoo. Waliliona ziwa, wakalikimbilia, wakainama, na funda la kwanza likawakatisha tamaa. Teleki akaliita kwa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, na jina hilo likadumu hadi 1975. Waturkana, Wasamburu na Waelmolo walikuwa wamelipa majina yao muda mrefu kabla. Vitabu vinamtaja Teleki na Höhnel. Mimi ninawakumbuka wapagazi wale, kwa sababu walioyapima maji ndio wao, kwa vinywa vyao, baada ya kubeba kila kitu kilichofika pale.

KIDOGO KULIKO VYOTE, NA KIBAYA KULIKO VYOTE

Ulimi una mipaka, na mpaka wake mkubwa katika Bonde la Ufa unaitwa floraidi. Haina ladha katika kiasi kinachodhuru. Haina harufu wala rangi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya Turkana, vikiwemo baadhi ya vile vya Kakuma, vimekutwa vimevuka kiwango hicho. Ziwa lenyewe limekivuka mara kadhaa.

Tukitafuta rekodi, Afrika Mashariki inashika za dunia. Katika vipimo ambavyo Shirika la Afya Duniani limevinukuu, Ziwa Nakuru lilifika miligramu 2,800 kwa lita, Elmenteita 1,640, na maziwa ya Momella kule Arusha 690. Hakuna anayekunywa Nakuru. Lakini namba hizo zinaonyesha mawe ya bonde hili yamebeba nini, kwa kuwa miamba ile ile ya volkano ndiyo inayolaza maji ya visima.

Jinsi mambo yanavyokwenda ni hivi. Mvua inapopenya kwenye miamba ya volkano huyeyusha floraidi kidogo kidogo. Kama kungekuwa na kalsiamu ya kutosha majini, ingeikamata floraidi hiyo, zikaungana zikawa jiwe, zikazama. Jiwe hilo lipo kweli: ni lile lililochimbwa Kimwarer katika Bonde la Kerio kuanzia 1971 hadi mgodi uliposimama mwaka 2016, na mto Kerio unapita chini yake ukielekea Ziwa Turkana. Tatizo ni kwamba maji ya Turkana ni ya sodiamu. Kalsiamu yake imeshaganda mapema kuwa chokaa njiani, ile ile ya kwenye birika. Floraidi inabaki peke yake, imekosa wa kuikamata, na kadiri maji yanavyokaa ardhini na kuwa ya magadi zaidi ndivyo inavyoongezeka.

Matokeo yake yanaonekana mtoto anapocheka. Meno ya mbele yana mistari ya kahawia, mengine yameliwa ukingoni. Kuna wasichana wanaojifunza mapema kucheka huku kiganja kikiwa kimefunika mdomo, na ukiona mkono ule unavyopanda wenyewe, bila mwenyewe kujua, unaelewa madhara ya maji kuliko jedwali lolote litakavyokueleza. Meno hayo huharibika utotoni, yanapojengeka ndani ya fizi kabla hayajaota. Kwa anayekunywa maji makali miaka na miaka madhara hushuka kwenye mifupa: mgongo unakakamaa, miguu inapinda. Waelmolo wa upande wa Loiyangalani, moja ya jamii ndogo kabisa za Kenya, wameishi na maji ya ziwa vizazi kwa vizazi, na miguu yao imelipa.

Nalisema hili waziwazi kwa sababu bado nasikia watu wakiambiana wachemshe maji. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi hakuiondoi hata kidogo. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi iliyokuwa ndani ya lita mbili inabanana ndani ya lita moja na nusu. Chujio la mkaa wa mifupa linaipunguza. Maji ya mvua hayana. Na mto, kama tutakavyoona, unayo kidogo.

MTO UNAOBEBA KARIBU KILA KITU

Omo una urefu wa kilomita 760 hivi, unashuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, na unaleta kati ya asilimia 80 na 90 ya maji yote yanayoingia Ziwa Turkana. Rekodi ya ziwa la Kenya imetengenezwa Ethiopia. Turkwel na Kerio, mito yetu, inagawana kilichobaki.

Jua nalo linachukua zaidi ya mita mbili za kina kila mwaka. Ondoa Omo leo, na ziwa litashuka kimo cha mtu mrefu kabla ya mwaka kuisha.

Hapa pana fumbo ambalo linanipendeza kuliko rekodi zote. Ziwa halina mto wa kutoka. Kati ya miaka 10,000 na 5,000 iliyopita, Afrika ilipokuwa na mvua nyingi, maji yalisimama karibu mita 100 juu ya yalipo sasa, yakafurika kaskazini magharibi kupitia tambarare ya Lotikipi hadi mto Sobat na kuingia Nile. Ndiyo maana sangara na mamba wa Nile wako humo mpaka leo. Kisha mvua ikapungua, njia ikakatika, na tangu hapo ni maelfu ya miaka ya mito kuingia na jua kuchemsha. Kwa hesabu ya birika, ziwa lilipaswa kuwa na chumvi nyingi kupita iliyopo. Chumvi hiyo imekwenda wapi?

Imezama na tope. Mwaka 1983 Richard Yuretich na Thure Cerling walichapisha hesabu ya kile kinachoingia ziwani na kile kinachobaki, na jibu likawa kwenye udongo. Omo unaleta tope la kahawia, udongo wa mfinyanzi wa chembe ndogo mno. Kila chembe inafika ikiwa imeshika kalsiamu. Ikigusa maji ya magadi inaiachia kalsiamu na kushika sodiamu, kisha inazama nayo na kufukiwa na tope la mwaka unaofuata. Ni kama kila mafuriko ya Omo yanaleta kikosi cha wafagiaji, wanaingia, wanabeba taka, wanalala nayo chini. Tope lile ambalo mgeni akilitazama kutoka kwenye ndege analiona uchafu ndilo linalolifanya ziwa livumilike kwa samaki na kwa ngamia.

Sasa, juu ya mto huo Ethiopia imejenga Gibe III, ukuta wa mita 243, ulioanza kujazwa mwaka 2015 na kuzinduliwa Desemba 2016. Mjadala wote ulikuwa juu ya wingi wa maji. Ziwa lilishuka wakati bwawa likijazwa, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka hifadhi za Ziwa Turkana, ambazo zimo katika Urithi wa Dunia tangu 1997, kwenye orodha ya zilizo hatarini. Kisha ikaja mvua kubwa ya 2019 na 2020, ziwa likapanda, Ferguson's Gulf ikafurika, na wavuvi wa upande wa Kalokol wakahamisha nyumba kukimbia maji yale yale waliyokuwa wakiyalilia. Baadhi ya watu wakasema hofu imekwisha. Mimi naona walipima kimo wakasahau tope. Bwawa lolote kubwa hutega tope nyuma ya ukuta wake. Maji yanapita kwenye mitambo yakiwa yametulia na mepesi. Maji yanaweza kurudi kwa mvua ya msimu mmoja. Wafagiaji wakizuiwa hawarudi kwa mvua.

UKUTA MREFU KULIKO YOTE KENYA

Nasi tunao wetu. Bwawa la Turkwel, kwenye korongo la Pokot Magharibi, lina ukuta wa upinde wa mita 153, mrefu kuliko mwingine wowote nchini. Lilikamilika mwaka 1991. Mitambo yake ya megawati 106 inalifanya kituo cha tatu cha umeme wa maji Kenya, nyuma ya Gitaru na Kiambere za mto Tana. Kwa miaka mingi lilisemwa kwa uchungu kwamba halijai. Mwishoni mwa 2020 likakaribia kujaa, na watu wa Lodwar wakaonywa wahame kando ya mto. Wazee waliokuwa wamezoea kulaumu bwawa kwa ukame wakajikuta wanaliogopa kwa mafuriko.

Kwa Lodwar, jambo kubwa la bwawa hili si urefu wake. Zamani Turkwel ulikuja kwa ghadhabu, ukajaza kingo, ukapita, kisha ukaacha mchanga kwa miezi. Mitambo inahitaji maji yapite mwaka mzima, hivyo mto wa Lodwar umekuwa na maji hata miezi ambayo babu aliyaona mavumbi. Kuna kilichopotea pia. Migunga na mikoma ya kingoni ilikuwa inangoja mafuriko ili mbegu zishike kwenye udongo mpya, na mafuriko yamekuwa machache. Mathenge, kichaka kigeni cha miiba, imejaza nafasi hiyo, na kuing'oa mathenge ni kazi ya kizazi kizima.

MTAMU KULIKO YOTE

Hii rekodi hakuna anayeitangaza. Mimi naiweka juu ya zote.

Simama kwenye daraja la Lodwar asubuhi, kabla jua halijashika. Chini yako Turkwel ni wa rangi ya chai ya maziwa, mwembamba, mtu mzima anauvuka maji yakimfika gotini. Ukiupima kwa macho, si mto wa kuandikwa popote. Lakini maji haya yalianza kama mvua na ukungu juu ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, yakapita kwenye mawe yaliyokwisha oshwa na mvua nyingi, yakateremka upesi. Hayakupata muda wa kukaa na kukusanya madini. Ukitumbukiza kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, ambacho ndicho kipimo cha haraka cha madini yaliyoyeyuka, namba ya Turkwel ni sehemu ndogo tu ya ile ya ziwa, ambayo ni kama 3,500 kwa kizio cha wataalamu. Maji ya mto yanashika tope, yanashika vijidudu, hayo ni kweli. Tope hutuama, na vijidudu huuawa. Chumvi haituami wala haiuawi.

Na mto huu unafanya kazi yake kubwa zaidi mahali pasipoonekana. Chini ya Lodwar pana mchanga na changarawe ambavyo Turkwel wenyewe ulivileta kwa maelfu ya miaka, na ndani yake maji yamelala. Utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia alama za maji hayo, ukaonyesha kwamba kinachoijaza akiba ile ya juu juu ni mto. Mji unakunywa mto kupitia mchanga. Kisima kilicho karibu na kingo huwa kitamu. Ukiuacha mto na kwenda kwenye miamba ya volkano na udongo mkavu, madini yanapanda, mpaka unafika kisima ambacho mwenyeji anakuambia hiki ni cha mbuzi.

Kwa hiyo bei ya mtungi Lodwar ina jiografia ndani yake. Mwenye mkokoteni anayesukuma mitungi ishirini kutoka upande wa mto anajua anachouza, na mteja anajua anachonunua, bila maabara. Na mji unapokua kuelekea Kanamkemer na ng'ambo ya laga, yaani mto mkavu, ya Kawalase, vyoo vinachimbwa kwenye mchanga ule ule unaohifadhi maji. Tusipoangalia tutaipoteza rekodi hii kwa mikono yetu, na hakutakuwa na nchi jirani ya kulaumu.

KALE KULIKO ZOTE

Kwa ufupi, maana haya yameandikwa sana. Laga ya Lomekwi, magharibi ya ziwa, imetoa zana za mawe za miaka milioni 3.3, za kale kuliko zote zinazojulikana. Ziligunduliwa mwaka 2011 na kutangazwa 2015. Nariokotome, ambayo nayo ni laga, ilitoa mifupa ya yule Kijana wa Turkana, mwenye umri wa miaka kama milioni 1.5, binadamu wa kale aliyehifadhika kwa ukamilifu wa ajabu. Aliyeona kipande cha kwanza, mwaka 1984, ni Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye macho ambayo sayansi nzima iliyategemea. Majina yote mawili ni ya mito mikavu. Mito iliifukia mifupa kwa tope, na mito ikaja ikaifukua.

Lothagam ni jambo jingine, nami hupenda kulitaja kwa sababu lina uhusiano na birika. Miaka kama 5,000 iliyopita, mvua ilipopungua na ziwa likaanza kurudi nyuma kwa kasi, wafugaji wa kwanza wa eneo hili walijenga pale makaburi ya mviringo yenye nguzo za mawe, wakazika watu wasiopungua 580. Ni mnara wa kale na mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki. Katika wakati ambapo maji yalikuwa yanawaponyoka, watu walichagua mahali pamoja pa kukutana na wafu wao.

NYINGI KULIKO ZOTE, KWA KARATASI

Septemba 2013, jijini Nairobi, waziri Judi Wakhungu alitangaza pamoja na UNESCO kwamba chini ya Turkana kumepatikana maji ya ajabu. Kampuni ya Alain Gachet ilikuwa imesoma picha za satelaiti na rada, na visima vya majaribio vikathibitisha hazina mbili, ya Lodwar na ya Lotikipi. Jumla ilikadiriwa mita za ujazo bilioni 250, na zaidi ya bilioni 200 kati ya hizo ziliwekwa chini ya tambarare ya Lotikipi, kati ya Kakuma na mpaka wa Sudan Kusini.

Tuliimeza habari ile kama watu wenye kiu. Ilisemwa maji yale yangetosheleza Kenya miaka 70. Nami niliamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Lakini vipimo vilivyofuata, hadi kufikia 2015, vilikuta maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunyweka. Na ukiijua historia ya bonde huwezi kushangaa sana. Lotikipi ndiyo njia ambayo ziwa la kale lilipitia kwenda Nile. Ni tambarare ya tope ambako laga zinaishia, maji yanatanda, jua linayanyonya, madini yanabaki, mwaka baada ya mwaka. Ni birika la pili. Linganisha tu: Ziwa Turkana lenyewe lina maji ya mita za ujazo bilioni 200 hivi. Tuliambiwa tuna ziwa lingine chini ya ardhi la ukubwa huo huo. Tunalo juu, tunalo chini, na yote mawili hayampi mtoto kikombe cha maji.

Lawama yangu haiendi kwa waliotafuta. Rada inaona umbo na unyevu, chumvi haiioni. Kosa lilikuwa kutangaza wingi kabla ya kuonja. Hazina ndogo ya Lodwar ndiyo iliyo karibu na mto, na visima vya Napuu vimemwagilia mboga.

MFUPI KULIKO YOTE

Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni safari ya kama kilomita 120 kwa barabara ya A1. Kabla sijaendelea, naomba niliondoe jambo moja. Mara nyingi wageni huandika kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipokuwapo. Si kweli. Hakuna Mswahili anayelijua neno hilo kwa maana hiyo, si Lamu, si Unguja, si Kigoma. Kakuma ni jina la mahali palipo na watu wake, wafugaji wa Kiturkana waliokuwa wakinywesha mifugo kwenye laga ya Tarach muda mrefu kabla kambi ya wakimbizi haijafunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan.

Leo Kakuma pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei ina watu karibu 300,000. Kipimo cha mashirika ya wakimbizi ni lita 20 kwa kila mtu kwa siku, sawa na mtungi mmoja wa manjano. Zidisha, unapata lita milioni sita kila siku, kutoka kwenye visima virefu vilivyofuata mkondo wa Tarach. Ningeweza kukuambia kwamba zile bilioni 200 za Lotikipi zingeitosheleza kambi hii miaka 90,000. Hesabu ni sahihi, na haina faida kwa aliye kwenye foleni ya bomba.

Tarach ndio mto wenye maisha mafupi kuliko yote katika orodha hii. Mvua ikinyesha milimani magharibi, maji yanashuka kwa sauti ya lori, yanapita Kakuma yakiwa na magogo na mbuzi waliozidiwa, watu wanasimama pande mbili wakipigiana kelele, na kwa saa chache hakuna anayevuka. Kesho yake ni vidimbwi. Wiki ijayo ni mchanga wenye nyayo. Katika ukame ulioisha mwaka 2023, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, sauti ile ya lori ilikaa miaka bila kusikika vizuri.

Lakini mafuriko yale ya saa chache yameingia kwenye mchanga, na hayajakaa humo muda wa kutosha kuokota chumvi. Wenyeji wanajua hilo. Wakati wa kiangazi wanawake na wasichana hushuka kwenye laga na kuchimba. Mwanzo wa kiangazi shimo ni la kiwiko. Baadaye ni la kiuno. Mwisho ni refu kiasi kwamba mmoja yuko chini haonekani, wa pili amesimama kwenye ngazi iliyochongwa mchangani, wa tatu yuko juu, na kikombe cha plastiki kinapanda mkono kwa mkono.

Nilikaa kando ya shimo moja, asubuhi, la kimo cha kiuno. Msichana wa miaka kama 12 alikuwa ndani, amepiga magoti. Alikwangua mchanga wa chini kwa kikombe kilichokatwa kutoka kwenye chupa ya mafuta ya kupikia, akangoja. Mchanga ulibadilika rangi kwanza, ukawa mweusi, kisha ukang'aa, kisha maji yakajitokeza pembeni na kujikusanya katikati, polepole, kama jasho. Akachota kikombe cha kwanza, akakimwaga nje ya shimo. Akachota cha pili, akakimwaga pia. Cha tatu akakipeleka mdomoni, akashika funda shavuni kitambo, macho ameyaelekeza kwa mama yake juu, akameza. Akatikisa kichwa kukubali, na mama akateremsha mtungi.